Alisema Haya

Tangu azikwe mkewe, Msaidizi hakai. Anaketi kidogo, anainuka. Anakwenda mlangoni, anatazama barabara, anarudi. Akipewa kiti anakishika mgongo, anakibonyeza kwa kidole kuona sponji imelala wapi, halafu anabaki amesimama vilevile. Mwanzoni watu walimtania ili wamchangamshe.

"Wewe umetengenezea watu makochi maisha yako yote, kukaa tu kunakushinda?"

Anacheka kwa pua. Anakwenda tena mlangoni.

Jina la Msaidizi alijipa mwenyewe. Mteja akiingia kwenye karakana yao, kwa kuwa mwanamume ni yeye, alimwuliza yeye, "Fundi, kochi langu lini?" Naye alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Fundi yule pale. Mimi msaidizi." Mteja alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mkewe ndiye aliyepima, ndiye aliyekata kitambaa, ndiye aliyekaa kwenye cherehani, ndiye aliyejua kona ya kochi inakunjwaje isitoe mdomo. Yeye alibandua kitambaa cha zamani, aling'oa misumari, alikaza springi, alibeba. Hata chumba chenyewe, mkewe alikuwa nacho kabla hawajajuana. Msaidizi aliingia siku moja kuulizia kazi ya kubeba, akabaki.

Na mkewe ndiye aliyekuwa macho yake. Msaidizi hakwenda shule, herufi kwake ni kama misumari iliyomwagika sakafuni. Kila karatasi iliyoingia pale, ya umeme, ya dawa, ya mwenyekiti wa mtaa, mkewe aliisoma kwa sauti huku mguu uko kwenye cherehani. Yeye aliendelea kung'oa misumari akiitikia, "Haya... haya... ehee." Si kwamba amekubali. Alikuwa akimjulisha kwamba yupo, anasikia, asome mbele. Siku nyingine mkewe alimtega.

"Na hapa wanasema Msaidizi afungwe kamba, atupwe mtoni."

"Haya."

"Haya nini? Sikiliza, wewe mwanamume!"

Wakacheka mpaka cherehani ikasimama.

Kisha mkewe akaugua. Hakuugua siku nyingi. Akafa.

Watu walipotawanyika, shemeji yake alikuja. Huyu ni mdogo wa marehemu, msusi wa nywele, mdomo wake hauna breki. Yeye na Msaidizi walikuwa wa kutaniana tangu zamani, hawakuweza kupishana mlangoni bila kurushiana neno. Safari hii hakuja na utani.

"Shemeji, tuseme ukweli. Kile chumba ni cha dada."

"Ni chetu."

"Chenu tangu lini? Uliingia mle mikono mitupu, na suruali moja."

"Mbili."

"Ya pili alikushonea dada!"

Zamani hapo wangecheka. Siku ile walitazamana tu. Watoto, Msaidizi na mkewe hawakujaliwa. Shemeji alikuwa anasukia watu barazani kwa jirani, mvua ikinyesha wateja wanakimbia na nywele nusu. Chumba alikihitaji kweli. Na Msaidizi, chumba kile kikienda, hana pa kwenda asubuhi. Atazunguka nyumbani, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani, mpaka wamkute ameanguka katikati.

Hakuna aliyelegeza. Shemeji akaenda mahakamani.

Msaidizi akapanda ngazi kwa wakili. Ofisi aliijua, viti vyake walivivika kitambaa yeye na mkewe. Wakili mwenyewe ni mwanamke, bado kijana, anatembea kama anayefukuzwa. Alimsikiliza wamesimama wote wawili, akamwambia ajieleze tu walivyofanya kazi, karani atachukua maelezo, yatakuwa hati ya kiapo, na kesi itaendeshwa kwa hiyo. Akashika joho lake akatoka. Alikuwa na kesi nyingine inamsubiri.

Karani alikuwa mtu mzima mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akaweka juu ya meza kitu bapa kama kigae.

"Siku hizi hatuandiki kwa mkono, mzee. Hii ni akili mnemba. Ongea kama unavyoongea na mimi. Inasikia, inaandika, inapanga lugha ya kisheria, halafu inakusomea."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi naiwasha."

Msaidizi akaongea. Aliongea akitembea, dirishani, mlangoni, dirishani. Barabarani malori yanapita. Alimaliza, ile mashine ikaanza kumsomea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Tulivu, haina haraka, inapumzika kwenye nukta.

Msaidizi akasimama. Tangu mkewe aondoke hakuna mwanamke aliyemsomea kitu. Akashika mgongo wa kiti, akafumba macho. Maneno hayakumfikia, kilichomfikia ni kule kusomewa tu. Sauti ikitua, yeye anasema, "Haya." Sauti inaendelea. Inatua. "Haya." Alitamani karatasi iwe ndefu.

Ikaisha. Karani akatoa wino, Msaidizi akaweka dole gumba. Wakili alirudi anahema, akatia saini chini yake bila kuketi, akasema, "Usijali, mzee wangu," akaingia chumba cha ndani.

Nakala ya hati ikapelekwa kwa shemeji, kama ilivyo kawaida ya kesi. Asubuhi iliyofuata shemeji aliingia karakana nayo, amejifunga khanga kiunoni kwa shari.

"Nisomee hapa, shemeji. Ah, nimesahau, wewe husomi. Nitakusomea mimi. 'Mimi ni fundi wa makochi. Karakana hiyo niliianzisha na kuiendesha mwenyewe. Marehemu mke wangu alikuwa akinisaidia kazi ndogondogo, ikiwemo kushona.' Kazi ndogondogo!"

Nyundo ilibaki hewani. "Sijasema hivyo."

"Hapa chini pana dole gumba. La nani? La paka?"

"Langu."

"Ulisomewa, hukusomewa?"

"Nilisomewa."

"Ukasemaje?"

Msaidizi akashusha nyundo. "Nilisema haya."

"Haya!" Shemeji alicheka kicheko kibaya, kisha macho yakamjaa. "Haya zako ziko mdomoni tu. Usoni huna hata moja. Dada yangu amekutoa njaa, amekutoa uchafu, leo ni kibarua wako? Bora ungesema hukumjua."

Akatoka. Msaidizi hakufunga hata mlango, akapanda ngazi kwa wakili.

Karani alikuwepo peke yake. Maelezo ya Msaidizi yalikuwa bado yametunzwa kwa sauti kwenye mashine, akayafungua. Wakayasikiliza wameinamisha vichwa. Ilikuwa sauti ya mzee, iko chini, inakwenda na kurudi kama yeye alivyokuwa akienda na kurudi. "Fundi yeye... mimi nikawa..." Lori likapita. "...saidia, kushona, kila kitu..."

Karani akajikuna chini ya miwani. "Neno lako limemezwa na lori, mzee. Na mashine hii imelishwa kesi chungu nzima za mume na mke. Karibu zote humo, fundi ni mume, anayesaidia ni mke. Ikikuta neno halisikiki, inajaza kwa ilivyozoea."

"Inajaza."

"Inajaza."

"Kama sponji."

"Ndiyo, kama sponji. Kisha inayapamba mengine yafanane na hilo. Lakini mzee, ilikusomea. Kila ilipotua ilikuwa inakungoja ukubali au ukatae. Ona pembeni hapa imeandika: amekubali, amekubali, amekubali."

"Haya si kukubali. Haya ni soma mbele."

"Kwako wewe. Kwake yeye ni kukubali."

Wakili alikuwa amefika mlangoni. Alisikia nusu, akainua mkono ili nusu ya pili isimfikie. Uso ulimshuka. Akamtoa karani nje, akafunga mlango.

"Kabla hujaniambia neno, mzee wangu, nisikilize mimi kwanza. Chama chetu cha mawakili kimeweka kanuni juu ya mashine hizi. Mashine iandike, hakuna ubaya. Lakini mtu asiyejua kusoma asomewe na binadamu anayemtazama usoni, ajue kama ameelewa au anaitikia tu. Na wakili atie saini kwamba amemsomea. Mimi nilitia saini."

"Hukunisomea."

"Sikukusomea. Nilikuwa nakimbilia kesi. Nikadhani yako ni nyepesi." Alisugua macho. "Sasa iko hivi. Hati hii ikibaki kama ilivyo, chumba ni chako, simwoni wa kukutoa. Ikibadilika, shemeji yako ana fungu lake, na huenda akapata chote. Ukiniambia kwa kinywa chako kwamba ni uongo, siwezi kuitumia. Nitaiondoa mbele ya hakimu, na nitaulizwa kwa nini, na kamati ya maadili itaniita."

"Na nisipokuambia?"

Wakili aliitazama meza. "Basi sijaambiwa."

Msaidizi alikuwa na neno liko kwenye ulimi kabisa. Halikutoka. Alizungusha kofia mikononi, akaaga, akashuka ngazi.

Siku zilizofuata hazikuwa na umbo. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akaifunua, akaifunika. Alitoka mpaka njia panda, akasahau alichofuata, akarudi. Alibishana kimoyomoyo. Maneno hayamuumizi aliyekufa. Yeye mwenyewe angependa nibaki na chumba. Nani atajua? Shemeji atajua, lakini shemeji kinywa chake kimezoeleka. Akajaribu kumsikia mkewe angesema nini, na kitu pekee alichosikia ni kile alichokuwa akimwambia akiona anataka kujificha nyuma yake: usinisingizie mimi, amua mwenyewe.

Akaingia mteja, mgeni mtaani, na stuli mkononi.

"Fundi yuko?"

Kidevu cha Msaidizi kilianza kuinuka kuelekea kwenye cherehani. Akakirudisha.

"Ni mimi."

"Nishonee ngozi mpya, fundi. Ile nyeusi."

"Sawa."

Mteja akaenda zake. Hakubisha, hakushangaa. Ilikuwa rahisi kuliko kuvua kofia. Kwa muda Msaidizi alijisikia vizuri, mabega yakanyooka. Akachukua mkasi wa mkewe aikate ngozi, na ngozi alijua kuikata, alikuwa ameona vya kutosha. Akaikata sawasawa. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Angekosea, angejicheka. Hakukosea, na sasa hapakuwa na kitu cha kumzuia isipokuwa yeye mwenyewe.

Siku ya kesi, ukumbi wa nje wa mahakama ulijaa. Mabenchi yalikuwepo, yeye alitembea. Ukutani, dirishani, ukutani.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," shemeji alisema bila kumtazama.

"Funga macho."

"Niyafunge uniibie na benchi?"

Mwanamke aliyekaa jirani alicheka, kisha akajizuia. Msaidizi akapiga mzunguko mwingine, kisha akakata kona na kwenda moja kwa moja pale wakili aliposimama na mafaili yake.

"Wakili."

"Mzee wangu."

"Si kweli."

Hakuuliza nini si kweli. Mafaili yalimteleza kidogo, akayakumbatia. "Unajua unachoniambia?"

"Fundi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa namsaidia."

"Tumebakiza watu wawili tuitwe. Ungesubiri kidogo tu, tungeingia na tungetoka."

"Ningesubiri ningenyamaza."

Wakili alitazama mlango wa mahakama, akatazama viatu vyake. Alikuwa na umri wa mtoto ambaye Msaidizi hakumpata, na midomo ilimtetemeka kama ya mtoto. Msaidizi alitaka kumwambia pole, akaona pole ya mtu anayekuchoma ni matusi.

Wakaitwa.

Wakili alisimama kabla ya kuulizwa. Akaomba hati iondolewe. Akaeleza kwa nini, yote, mpaka ile saini, kwa sauti iliyokuwa ikikauka na kuloa. Hakimu alikuwa mama mwenye mvi, alisikiliza kalamu imelala.

"Kwa hiyo unaniambia mashine ndiyo iliyokosea."

"Mashine ilikosea neno, mheshimiwa. Saini ni yangu."

Hakimu akaandika kitu kirefu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kisha akasema hati mpya iandikwe hapo hapo kwa mkono, na wakili akimaliza amsomee mteja wake mbele ya mahakama, uso kwa uso, sentensi kwa sentensi.

Wakaandika. Kisha wakili akageuza kiti, akaketi akimwelekea Msaidizi, magoti yao yakikaribia kugusana. Msaidizi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, naye aliketi. Hapakuwa na namna.

"'Mimi ni mgane, nimefiwa na mke.'"

"Haya."

Wakili akatua. "Haya ya kukubali, au haya ya endelea?"

Watu nyuma wakaguna kicheko. Hakimu akagonga meza, lakini naye aliinamisha uso.

"Ya endelea. Lakini ni kweli pia."

"'Chumba cha karakana mke wangu alikuwa nacho kabla hatujaoana.'"

"Kweli."

"'Yeye alikuwa fundi. Mimi nilikuwa nikimsaidia.'"

Msaidizi alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amelisema jambo hilo kila siku ya ndoa yake, kwa kidevu, kwa kucheka, mbele ya wateja, na halikuwahi kuwa zito. Sasa lilikwama. Likitoka hapa linaandikwa, na likiandikwa mkewe anakuwa wa zamani: alikuwa, alikuwa. Hakimu akangoja. Wakili akangoja, hakuirudia sentensi wala hakumsukuma. Alimtazama tu.

"Ndiyo," Msaidizi alisema. "Alikuwa fundi."

Nyuma yake shemeji alipenga kamasi kwa kishindo.

Hukumu ilitoka baadaye. Chumba kigawanywe, nusu ya mume, nusu ya ndugu. Shemeji hakupata chote alichotaka, na Msaidizi hakubaki na chote alichokuwa nacho. Wakili alipelekwa mbele ya kamati ya maadili, ikamsimamisha kazi kwa muda. Mawakili wengine mjini wakaanza kuwasomea wateja wao kwa vinywa vyao, wengine kwa kununa. Karani alibaki peke yake ofisini, hana cha kuwasha.

Msaidizi alikutana na wakili kwenye zile ngazi, anashuka na boksi la vitu vyake.

"Nimekuponza, mwanangu."

"Nilijiponza. Usinipokonye hata hilo, mzee."

Lakini hakutabasamu. Akapita. Msaidizi alibaki amesimama katikati ya ngazi, hajui apande au ashuke, mpaka mtu akamwomba njia.

Ukuta wa mbao wa kugawa chumba ulipoletwa, ilibidi vitu vihamishwe kwanza. Shemeji alikuja na kioo chake na viti vyake vya plastiki, na upande wa dirisha akautangaza wake, kwa kuwa nywele zinataka mwanga. Msaidizi hakubisha. Kikabaki kitu kimoja, meza ndefu ya kukatia, inayotaka watu wawili kuitoa nje.

"Shika huko," shemeji alisema. "Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa mwenye akili."

"Basi hakuna anayekwenda."

Waliiinua. Mguu mmoja wa meza ukakwama kwenye fremu ya mlango. Waliisukuma, waliivuta, wakaitua chini wote wanahema, yeye ndani, shemeji nje, meza katikati yao kama kaunta. Shemeji alijipangusa shingo na ncha ya khanga. Alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwa akimtazama tangu msiba.

"Shemeji."

"Nini?"

"Hujajuta?"

Msaidizi aliutazama ukuta wa mbao uliolazwa sakafuni. Ulikuwa mwembamba. Atasikia kila uzushi wa saluni kutwa nzima, na jua la asubuhi halitamfikia tena.

"Nimejuta sana," alisema. "Inua upande wako."